DAKTARI LAENNEC: ALIYESIKIA MOYO UKIBEBA MZIGO WA MAPAFU

Tarehe 17 Februari ina nafasi yake katika historia ya kijeshi ya Rejaf. Siku hiyo, mwaka 1897, katika kituo hicho kilicho ukingoni mwa mto Naili, kusini kidogo ya mahali ulipo mji wa Juba leo, majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliyoongozwa na Mbelgiji Louis-Napoléon Chaltin yaliwashinda wapiganaji wa Mahdi na kuwang'oa katika ngome yao. Mapigano hayo yamo vitabuni, na wanaojifunza historia ya vita barani Afrika huyasoma.

Lakini tarehe hiyo hiyo yafaa kukumbukwa kwa jambo jingine. Miaka 116 kamili kabla ya mapigano ya Rejaf, yaani tarehe 17 Februari 1781, katika mji wa Quimper, jimbo la Bretagne, Ufaransa, alizaliwa René-Théophile-Hyacinthe Laennec. Mtu huyu hakupata kufika Afrika, wala hakuteka ngome yoyote. Alichotuachia ni kigogo cha mti chenye tundu katikati, urefu wake kama sentimita 30. Kigogo hicho ndicho mzazi wa stetoskopu, kifaa ambacho daktari humwekea kifuani kuruta anayepimwa afya, awe katika chuo cha polisi cha Rejaf, awe Moshi, Kiganjo au Kabamba.

Tumekusudia leo kuwasimulia askari na polisi maisha ya tabibu huyo, si kwa ajili ya kifaa peke yake, bali kwa ajili ya jambo alilolielewa kwa msaada wa kifaa hicho: kwamba pafu lililoharibika huutesa moyo. Jambo hilo linawahusu sana watu wanaolala pamoja bwenini, wanaokimbia mchakamchaka alfajiri, na ambao mara nyingi hupimwa uhodari wao kwa wingi wa pumzi zao.

WODI YA ASKARI ILIKUWA SHULE YAKE

Laennec alifiwa na mama akiwa na umri wa miaka mitano. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyependa kutunga mashairi kuliko kulea, na watoto wakaenda kukaa kwa ndugu. Mwaka 1788 Laennec alipelekwa katika mji wa Nantes kwa ami yake, Guillaume Laennec, aliyekuwa daktari mwenye sifa. Huko yatima huyo alipata mlezi, akapata na kazi ya maisha yake.

Miaka hiyo ilikuwa ya misukosuko. Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789, na haikuchukua muda mrefu mji wa Nantes ukajikuta jirani na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Vendée. Watu waliuawa hadharani kwa amri ya mahakama za mapinduzi, na majeruhi wakajaa hospitalini. Laennec alikuwa na miaka 14 tu alipoanza kusaidia kuwauguza. Kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa mpasuaji wa daraja la tatu katika hospitali ya kijeshi ya mji huo. Hivyo, kabla hajaketi mbele ya maprofesa wa Paris, alikwisha kufundishwa na vitanda vya askari.

Mwaka 1801 alikwenda Paris na kujiunga na hospitali ya La Charité, chini ya Jean-Nicolas Corvisart, ambaye baadaye alikuwa daktari wa Napoleon. Corvisart alifufua mbinu iliyotolewa mwaka 1761 na Leopold Auenbrugger wa Vienna, mbinu ya kugonga kifua kwa vidole. Kifua kilichojaa hewa hulia kama ngoma, na kilichojaa maji hutoa mlio mzito usio na mwangwi. Kijana Laennec aliishika elimu hiyo barabara. Mwaka 1803 alipata tuzo ya kwanza ya utabibu na ya kwanza ya upasuaji, na mwaka uliofuata akawa daktari kamili.

Mwenyewe hakuwa mtu wa afya. Alikuwa mfupi, mwembamba, na pumzi ilimsumbua mara kwa mara. Kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza vijana wa Paris, na madaktari hawakuachwa. Rafiki yake Gaspard Bayle, aliyekuwa amewapasua mamia ya marehemu ili auelewe ugonjwa huo, aliuawa na ugonjwa huo huo mwaka 1816.

Katika mwaka 1814, majeshi ya maadui wa Napoleon yalipoingia Ufaransa, majeruhi na wagonjwa walifurika katika hospitali za Paris. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Bretagne wasiojua Kifaransa, wakifa bila ya mtu wa kuwaelewa. Laennec aliomba wakusanywe katika wodi zake kwenye hospitali ya Salpêtrière, akawahoji na kuwafariji kwa Kibretoni, lugha ya nyumbani ambayo alikuwa amejitahidi kujifunza. Wasomaji wetu wa Rejaf hawatashangaa kusikia hayo. Hapo kwao ndipo ulipofanyika, mwaka 1928, mkutano mashuhuri wa kuchagua lugha za kufundishia shuleni kusini mwa Sudani. Mahali penye lugha nyingi hufahamika vema kwamba mgonjwa asiyeeleweka ni kama mgonjwa aliyenyamazishwa.

KARATASI ILIYOSOKOTWA

Mwaka huo huo wa 1816 aliompoteza Bayle, Laennec aliteuliwa kuwa daktari wa hospitali ya Necker. Siku moja aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kumgonga kifua hakukusaidia, kwa kuwa alikuwa mnene. Kuweka sikio juu ya kifua chake, kama madaktari walivyofanya mara nyingine, hakukuwa adabu. Laennec akakumbuka jambo linalojulikana hata kwa watoto: ukikwaruza ncha moja ya boriti kwa pini, aliyetega sikio katika ncha ya pili husikia vizuri. Akachukua karatasi, akaisokota mpaka ikawa kama mwanzi, akaweka upande mmoja juu ya kifua cha mgonjwa na upande wa pili sikioni. Mapigo ya moyo yakamjia wazi kuliko alivyopata kuyasikia kwa sikio tupu.

Mtu mwingine angalifurahi akaenda zake. Laennec aliifanya fursa ile kuwa kazi ya miaka mitatu. Alichonga vigogo vya mti kwa mashine yake mwenyewe ya kukerezea. Aliwasikiliza wagonjwa siku kwa siku na kuandika kila mlio: mkoromo, mluzi, mchakato kama wa chumvi ikirushwa motoni, na kimya pale palipostahili pumzi. Mgonjwa alipofariki alimpasua na kutazama ni kitu gani kilichotoa mlio ule. Kwa njia hiyo kila sauti ilipata maelezo yake. Kitabu chake cha majuzuu mawili kilitoka mwaka 1819. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuyajua mapafu ya mtu aliye hai kwa uhakika ambao hapo kabla uliwezekana kwa maiti tu.

MOYO NA JIRANI YAKE

Hapa tunafika penye kiini cha makala haya. Ili msomaji afuatane nasi, hatuna budi kueleza kidogo jinsi moyo unavyofanya kazi.

Moyo ni pampu mbili zilizoshikamana. Pampu ya kushoto ina ukuta mnene, maana kazi yake ni kusukuma damu mwili mzima, toka utosini hadi unyayoni. Pampu ya kulia ina ukuta mwembamba, kwa sababu safari yake ni fupi: huipeleka damu iliyochoka kwenye mapafu yaliyo jirani, ili ikapate oksijeni. Mishipa ya mapafu yenye afya ni mingi, mipana na laini, kwa hiyo damu hupita bila kusukumwa kwa nguvu. Pampu ya kulia, tuseme, ni kama askari wa doria aliyezoea kubeba bunduki yake tu katika njia tambarare.

Sasa chukulia kwamba pafu limepata makovu. Makovu hayo huweza kuletwa na kifua kikuu kilichochelewa kutibiwa, na vumbi la mawe linalovutwa kwa miaka mingi bila kinga, au na magonjwa mengine yanayokausha pafu. Pale penye kovu mishipa midogo ya damu hufa au hubanwa. Tena, mahali pasipofika oksijeni ya kutosha mishipa hujikaza yenyewe. Damu ni ile ile, lakini njia zimekuwa chache na nyembamba. Pampu ya kulia inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, mchana na usiku, hata mtu akiwa usingizini. Ni sawa na yule askari wa doria kupandishiwa mzinga mabegani na kuamriwa aupande mlima, bila ya siku ya kupumzika.

Mwanzoni pampu hiyo hujikakamua na ukuta wake hunenepa, kama misuli ya mtu abebaye mizigo. Baadaye hutanuka na kulegea. Ikishindwa, damu hurundikana nyuma yake. Hapo mishipa ya shingo hutuna, ini huvimba, vifundo vya miguu hujaa maji na hatimaye tumbo nalo hujaa. Mgonjwa huchoka kwa kazi ndogo, pumzi humpaa, na midomo huweza kugeuka rangi ya samawati. Mtu huyo ana ugonjwa wa moyo, lakini mzizi wake umo katika mapafu.

Laennec alilitambua jambo hilo. Katika kitabu chake alieleza kwamba karibu kila ugonjwa unaoleta dhiki kali ya pumzi kwa muda mrefu huufanya moyo unenepe au utanuke, kwa sababu ya juhudi zisizokoma za kuisukuma damu kwenye mapafu yanayoipinga. Hakuwa na picha za eksirei, wala mashine ya kupima mawimbi ya moyo. Alikuwa na kigogo chake, kisu cha kupasulia, na subira. Karne mbili zimepita, na maelezo yake hayajatanguliwa.

Aliona na jambo la pili, lenye matumaini. Katika mapafu ya watu waliokufa kwa maradhi mengine alikuta makovu ya kale, alama kwamba vidonda vya kifua kikuu viliwahi kufunga. Wakati ambapo ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa hukumu ya kifo, yeye alishuhudia kwamba mwili unaweza kuushinda. Kwa hiyo kovu lilimfunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba vita vinaweza kushindwa na mtu akapona, na kwamba ushindi huo unaweza kumwachia moyo deni.

WAPINZANI NA MWISHO WAKE

Wapo waliomdhihaki. Mpinzani wake mkubwa alikuwa François Broussais, tabibu aliyepata kutumikia katika majeshi ya Napoleon, ambaye alidai kwamba karibu maradhi yote ni moto wa tumbo na matumbo, na kwamba tiba yake ni kumtoa mgonjwa damu na kumbandika ruba. Broussais alikuwa na sauti kubwa na wafuasi wengi. Laennec alijibu kwa ushahidi, na wakati ukaamua baina yao.

Kazi ile ilimla. Baada ya kitabu kutoka alikuwa hoi, akarudi Bretagne mwaka 1819 kupumzika katika shamba lake la Kerlouarnec. Alipopata nguvu alirudi Paris, na mwaka 1822 akawa profesa katika Collège de France. Wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi za Ulaya, wakarudi makwao na vigogo vya kusikilizia. Mwaka 1824 alipewa nishani ya heshima ya taifa, na mwishoni mwa mwaka huo akaoa.

Furaha hiyo haikudumu. Alipokuwa akitayarisha chapa ya pili ya kitabu chake, iliyotoka mwaka 1826, homa na kikohozi vilimwandama akakonda. Alimwomba jamaa yake, Mériadec, aliyekuwa daktari naye, amsikilize kifua na kumweleza anachosikia. Mériadec alieleza, na mwenye kifua akafahamu mara moja, kwani sauti zile yeye mwenyewe ndiye aliyezipa majina. Zilikuwa sauti za kifua kikuu. Akarudi Bretagne, na tarehe 13 Agosti 1826 akafariki Kerlouarnec, umri wake miaka 45. Katika wosia wake alimwachia Mériadec vitabu, saa, na stetoskopu yake.

ALIYOYAACHA WAKAYAMALIZA WENGINE

Kwa jambo moja Laennec alifungwa na zama zake. Hakuamini kwamba kifua kikuu huambukiza. Aliona huzuni na urithi wa damu kuwa ndivyo vyenye lawama. Aliyeonyesha ukweli ni daktari wa jeshi, Jean-Antoine Villemin wa hospitali ya kijeshi ya Val-de-Grâce mjini Paris. Villemin aligundua kwamba vijana waliotoka vijijini wakiwa wazima walianza kukohoa baada ya kukaa kwa kubanana katika kambi. Mwaka 1865 alithibitisha kwa majaribio ya sungura kwamba ugonjwa huo huhama kutoka kiumbe kimoja hadi kingine. Hivyo kambi ya askari ndiyo iliyotoa fununu ya kwanza.

Mwaka 1882 Robert Koch alimwonyesha ulimwengu kidudu chenyewe kinacholeta kifua kikuu. Huyo Koch alikuja kuishi kwetu pia: alifika Dar es Salaam mwaka 1897, ule ule wa mapigano ya Rejaf, na miaka ya 1906 na 1907 alikuwa katika visiwa vya Sese, Uganda, akichunguza malale. Na tiba ya muda mfupi inayotumika leo ina jasho la Afrika Mashariki ndani yake. Wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walishiriki katika majaribio makubwa ambayo matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba miezi sita ya dawa zilizochaguliwa vema huweza kukiponya kifua kikuu, badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Kwa hiyo maarifa tunayo. Kifua kikuu cha kawaida hupona kwa dawa za miezi sita, mradi mgonjwa asikatize. Lakini yafaa ieleweke wazi kwamba dawa huua vidudu, haifuti kovu. Kadiri mtu anavyochelewa kwenda zahanati ndivyo kovu linavyokuwa kubwa, na ndivyo mzigo wa moyo unavyokuwa mzito katika maisha yake yaliyosalia.

LINALOTUHUSU

Tufikirie sasa bwenini. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2018, chuo cha polisi cha Rejaf kilipokea kuruta waliotoka katika pande zilizokuwa zikipigana. Wengi wa vijana wa namna hiyo, popote walipo katika ukanda wetu, wametoka katika maisha ya msituni na makambini, ambako kikohozi cha wiki tatu hakikuhesabiwa kuwa habari. Kuruta kama huyo anapobaki nyuma kwenye mchakamchaka, mkufunzi huwa na neno lililo tayari mdomoni: anatega.

Hatusemi kwamba hakuna wanaotega. Wapo, na kila mkufunzi anawafahamu. Lakini mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, ambaye pumzi humwishia kabla ya wenzake, ambaye kiatu kilichomtosha asubuhi kinambana jioni kwa sababu ya miguu kuvimba, huyo si wa kuongezewa adhabu ya kukimbia. Juhudi kubwa ya ghafula yaweza kumwangusha asiinuke. Amri inayomfaa ni ya kumpeleka kwa mganga wa kikosi akasikilizwe moyo na mapafu. Miguu huvimba kwa sababu nyingi, za figo na za upungufu wa damu zikiwamo, na kazi ya kuzitenganisha ni ya daktari, si ya mkufunzi uwanjani.

Akikutwa na ugonjwa huo, yapo ya kumsaidia: oksijeni kwa anayeihitaji, dawa za kupunguza maji mwilini, kuacha sigara kabisa, tiba ya maradhi ya mapafu yenyewe, na mazoezi ya kipimo yanayosimamiwa na wenye ujuzi. Apewe na kazi inayolingana na kifua chake. Jeshi lina karani, fundi wa redio, mtunza ghala na mwalimu wa darasani, na wote hao huvaa sare ile ile.

Na wewe mwenyewe askari, usifiche kikohozi kwa kuogopa kurudishwa nyumbani. Anayeficha huwaambukiza walio kitanda cha jirani, na huujaza mzigo moyo wake mwenyewe. Madirisha ya bweni yawe wazi. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kifike zahanati pamoja na makohozi ya kupimwa. Dawa zimezwe hadi ya mwisho, hata kama nguvu zimerudi mwezi wa pili.

Laennec alianza kazi akiwa mtoto kati ya majeruhi wa vita, akaimaliza akiwa mgonjwa wa maradhi aliyoyafahamu kuliko mtu yeyote wa zama zake. Katikati ya miaka hiyo alituachia desturi moja, ya kusikiliza kwanza na kuhukumu baadaye. Ndiyo desturi tunayowaombea kuruta wa Rejaf, na wa kila kambi, kila mara mmoja wao anaposimama njiani kutafuta pumzi.